Shajara ya kumtafutia jina kipepeo wa Uporoto

Jumapili 11 Mei, usiku

Leo ndo naanza kuandika rasmi. Picha ilikuja juzi Ijumaa kutoka kwa mdogo wangu, yule aliyeoa Unyakyusani akaamua kubaki hukohuko kulima viazi, sisi tuko Newala na mikorosho yetu yeye yuko Isongole na makoti mawili. Akaandika tu, "Kaka, huyu ni nani? Watoto wameniuliza nikakosa jibu, nikawaambia baba mkubwa ni mwalimu wa bayolojia, atajua." Baba mkubwa hajui. Nimeifungua ile picha kila nikipata nafasi, jana hata kwenye foleni ya maji nilikuwa nayo mkononi.

Ni kipepeo wa rangi ya chungwa, madoa meusi mengi, ametandaza mabawa juu ya jiwe. Mdogo wangu alifanya jambo moja la akili sana ambalo hata sikumfundisha, yule kipepeo aliporuka akaweka kiberiti palepale alipokuwa ametua akapiga picha nyingine kwa umbali uleule, kwa hiyo najua ukubwa: mabawa yakiwa wazi ni kama sentimita nne na nusu hivi. Mahali ni milima ya Uporoto mkoani Mbeya, kwenye nyasi juu ya mashamba ya viazi, upande wa njia ya kwenda Ziwa Ngosi, simu yake inasoma mita 2,300 na kitu kutoka usawa wa bahari.

Klabu yetu ya viumbe hai pale shuleni ina ukuta nyuma ya maabara, tumebandika picha za vipepeo tuliowaona sisi wenyewe hapa Newala, arobaini na mmoja mpaka sasa, kila mmoja na jina lake na mahali alipoonekana. Nataka huyu akae pale juu kabisa peke yake kama mgeni wa mlimani, wanafunzi wamuone mtu wa baridi anafananaje. Ila hakuna picha inayopanda ule ukuta bila jina, hiyo ndo sheria tuliyojiwekea, na mi ndo niliyeiandika.

Jumatano 14 Mei

WhatsApp inaua picha. Ile niliyonayo ukiivuta kidogo tu inakuwa vumbi, madoa yanaungana, huwezi kuhesabu kitu. Nimemwomba aitume kama dokyumenti ili isibanwe, akasema bando litaisha, nikamrushia vocha, ikaja leo mchana na ni picha nyingine kabisa! Manyoya kifuani yanaonekana, vipapasio vinaonekana, hata vumbi kwenye jiwe linaonekana.

Nikaanza kwa utaratibu ninaofundisha darasani, kutoka juu kushuka chini. Oda ni Lepidoptera, neno la Kigiriki, lepis ni gamba na pteron ni bawa, maana ule unga unaobaki kidoleni ukimshika kipepeo ni magamba. Ni kipepeo wa mchana na si nondo kwa sababu vipapasio vina kirungu mwishoni. Alafu miguu. Kuna picha moja ya ubavuni kidogo anaonekana amesimama kwa miguu minne tu, miwili ya mbele imekuwa midogo mno na amekunja kifuani, hiyo ni alama kubwa ya familia ya Nymphalidae. Mpaka hapo niko vizuri, sina wasiwasi kabisa.

Nilipoteleza ni hapa. Nikaona chungwa, nikaona madoa meusi, nikaona ukubwa unafanana, nikasema huyu si Phalanta phalantha tu, yule wetu tunayemuona kila siku kwenye michongoma ya uzio wa shule. Nikaandika lebo, nikabandika.

Jumamosi 17 Mei

Lebo haikumaliza siku tatu. Leo klabu ilikuwepo, watoto kama kumi na nne, tukatoka hadi kwenye uzio kumtazama Phalanta mwenyewe akiwa hai ili tumlinganishe na picha. Binti mmoja wa kidato cha pili akasema, "Mwalimu, huyu wetu hatulii." Kweli bwana. Phalanta hata akiwa anakunywa ua mabawa yanatikisika tu, anahama hapa anahamia pale, wakati mdogo wangu aliniambia yule wa kwake alikaa juu ya jiwe mpaka akachoka yeye kumpiga picha.

Alafu mwingine akaona kitu ambacho mi nimekitazama siku zote hizi sijakiona: yule wa mlimani pale mabawa yanapoungana na mwili pana giza, kama mtu kamwagia chai, na mwili una manyoya mengi. Wetu hana, chungwa inaanzia mwilini moja kwa moja. Nikawauliza kwa nini mdudu wa baridi awe na giza karibu na mwili, wakabishana pale kwenye jua mpaka mmoja akasema mabati yaliyopakwa rangi nyeusi yanaunguza kuliko yasiyopakwa. Ndo hivo. Kipepeo hana joto lake mwenyewe, lazima aliazime kwenye jua kabla misuli ya kurukia haijafanya kazi, na huko juu jua lenyewe ni la kuotea, kwa hiyo rangi nyeusi karibu na kifua inanyonya joto haraka na manyoya yanalizuia lisiondoke. Wadudu wengi wa milima mirefu wako hivo.

Nimebandua lebo mbele yao. Nilitaka waone nikiibandua.

Jumapili 18 Mei

Kwa ufupi: nimejaribu Acraea nikamtoa. Acraea tunao wengi, wanaruka polepole kwa sababu ndege wanajua ni wachungu, na mabawa yao mengi yana sehemu kama karatasi ya nailoni unaona ng'ambo, magamba yamepungua. Huyu mabawa yake ni mazito, hayaonyeshi ng'ambo hata kidogo. Ila ndugu ni ndugu, Acraea na Phalanta na huyu mgeni wote naamini wako nusufamilia moja, Heliconiinae. Kwa hiyo kosa la Phalanta lilikuwa kosa la binamu, sikuwa nimepotea mji.

Ijumaa 23 Mei

Nimepakia picha kwenye iNaturalist, ile programu ya kutambua viumbe kwa picha, usiku wa jana wakati mtandao umetulia. Programu ikapendekeza jenasi Issoria, na juu ya orodha ikaweka Issoria hanningtoni. Sijawahi kulisikia hilo jina maishani. Nikakaa nalo mpaka saa nane usiku.

Na kumbe ni kundi la ajabu! Issoria na jamaa zake, kabila la Argynnini (kabila hapa ni tawi ndani ya nusufamilia), kwao hasa ni kaskazini, Ulaya na Asia na Marekani ya kaskazini huko kwenye majira ya baridi. Yupo mmoja Issoria lathonia ambaye Linnaeus alimpa jina mwaka 1758, ni kipepeo wa mashambani kabisa Ulaya. Sasa Afrika yetu ya tropiki kundi hili huwapati bondeni, hawapo Mtwara, hawapo Lindi, unawapata juu tu kwenye nyasi za milimani na kando ya misitu ya baridi. Na hata Andes huko Amerika Kusini wako jamaa wanaofanana nao, jenasi Yramea, watu waliwahi kuwaweka humohumo kwenye Issoria kabla ya kuwatenga. Yaani vipepeo wa baridi ambao kwenye nchi za joto wamekimbilia ghorofani.

Hanningtoni ni kwa heshima ya askofu James Hannington, yule aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Jina alilitoa Elwes mwaka 1889. Nilifurahi mno, hadithi imekamilika, nikaandika lebo mpya kwa kalamu nzuri na nikambandika pale juu.

Alhamisi 5 Juni

Nimembandua tena.

Kilichotokea ni kwamba nilikuwa nafundisha ramani ya milima kwa ajili ya kitu kingine kabisa, nimechora Tanzania ubaoni, Kilimanjaro na Meru huku juu, Uporoto na Rungwe na Kitulo huku chini, nikasimama na chaki mkononi. Hanningtoni ni wa Kenya na kaskazini ya Tanzania. Mdogo wangu yuko kusini magharibi. Katikati hapo kuna Dodoma yote! Kipepeo wa nyasi za mita 2,300 anapitaje Dodoma?

Hapa naomba niandike kwa urefu maana ndo kiini cha kazi yote hii na mi nilikirukia. Kila nikipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi. Newala tuko kama mita 700, Isongole mashamba ya juu mita 2,300, tofauti ni 1,600, kwa hiyo huko ni baridi kuliko kwetu kwa karibu nyuzi 10, siku ileile saa ileile, na mwezi huu sisi wenyewe Newala jioni tunavaa sweta kwa ule upepo unaopanda kutoka bonde la Ruvuma pale Shimo la Mungu. Uwanda wa Makonde wote haufiki mita 1,000, hata Rondo kule Lindi pamoja na msitu wake mzuri haufiki. Sasa kwa kipepeo wa baridi mlima ni kisiwa. Nyika ya joto inayozunguka ni bahari kwake. Enzi za zamani dunia ilipopoa, nyasi na misitu ya mlimani ilishuka chini, visiwa vikakaribiana, viumbe wakatembeleana, alafu joto liliporudi kila kundi likapanda na kilima chake likabaki huko peke yake miaka na miaka. Ndo maana milima ya kaskazini inaweza kuwa na spishi yake na ya kusini ikawa na yake, wakiwa wamefanana kiasi kwamba mashine inayotazama rangi tu inawachanganya. Programu haikukosea sana, imetazama picha. Mi ndo nilitakiwa kutazama ramani, na mita 2,300 nilikuwa nimeziandika mwenyewe siku ya kwanza.

Kwa kusini jina lililopo ni Issoria smaragdifera, wa Malawi na nyanda zetu za juu kusini. Smaragdi ni zumaridi, kwa hiyo jina ni kama kusema mbeba zumaridi. Butler alimwelezea mwaka 1895.

Nimempigia mdogo wangu usiku. Shemeji akachukua simu, nikajitahidi na salamu ya Kinyakyusa, "ugonile" yangu, akacheka, akasema, "Shemeji bado unahangaika na yule mdudu?" Nikamwambia bado. Akasema, "Si hata kipunji walimpa jina wakabadilisha?" Nikanyamaza. Ni kweli kabisa na sikutegemea kukumbushwa na yeye, yule nyani wa mlima Rungwe watafiti walimtangaza 2005 wakamuweka jenasi ya Lophocebus, mwaka uliofuata 2006 wakamtengenezea jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jina la mlima wao. Wenyeji walikuwa wanamuita kipunji siku zote hizo. Kama nyani mzima anahamishwa jenasi, kipepeo wa sentimita nne na nusu sijui nilikuwa na haraka ya nini.

Jumanne 10 Juni

Shule imefungwa. Huku watu wako kwenye salfa, mashamba yote ya korosho yananuka, asubuhi mashine za kupulizia zinalia mpaka huwezi kuongea na simu nje.

Kazi iliyobaki ni upande wa chini wa mabawa. Picha zote nilizonazo ni za juu, na kwa kundi hili upande wa juu karibu wote wanafanana, chungwa na madoa meusi, habari yenyewe iko chini. Kama ni Issoria kweli kwenye bawa la nyuma upande wa chini lazima pawe na madoa ya fedha, yale ya kumeta. Phalanta hana fedha. Acraea hana fedha. Ni ushahidi ambao ukiupata hakuna wa kubisha jenasi.

Shida ni kwamba kipepeo anayeota jua anatandaza mabawa, kwa hiyo kila ukimkuta amekaa vizuri anakuonyesha mgongo. Mdogo wangu kajaribu siku nne. Amelala chini kwenye umande, ameinama nyuma ya jiwe, wapi. Kapendekeza amkamate kwa neti, nimekataa, pale ni karibu na hifadhi na kukamata kunahitaji kibali, na hata pasingekuwa hifadhi sitaki kumuua mmoja kwa ajili ya ukuta wetu. Kamera inatosha tukijua tabia yake.

Nikakaa kufikiri kama mdudu. Anatandaza kwa sababu ya jua. Jua likiondoka? Nikamtumia ujumbe: usimfuate wakati wa jua, kaa karibu naye, usisogee, subiri wingu lipite.

Jumapili 15 Juni

LIMEPITA!

Saa nne na dakika kumi asubuhi wingu limefunika, kipepeo kafunga mabawa juu ya kichwa kama mtu anayefunga kitabu, mdogo wangu alikuwa hatua mbili tu, kapiga picha sita kabla jua halijarudi. Akanipigia hata hajazituma, anahema. "Kaka ana vioo! Chini ana vioo!"

Ana madoa ya fedha. Nimeyaona. Kwenye bawa la nyuma, rangi ya kahawia ya kutu, na madoa yanameta kama karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Hiyo fedha si rangi, nawaambia wanafunzi watakaporudi, haina wino wowote ndani yake, ni jinsi magamba yalivyojengwa yakirudisha mwanga wote kwa pamoja, chungwa ya juu ndo rangi ya kweli iliyo ndani ya gamba. Ndo maana kwenye picha mbili kati ya sita madoa yameonekana meupe tu, pembe ya mwanga ilikuwa mbaya. Angetuma hizo mbili peke yake ningesema hana fedha. Picha sita si anasa jamani, piga nyingi.

Jenasi nimeifunga. Issoria. Usiku huo nimelala vizuri.

Jumamosi 5 Julai

Shahidi wa tatu ni chakula cha mtoto. Viwavi wa kundi hili wanakula jamii ya Viola, vile viua vidogo vya zambarau hafifu vinavyotambaa chini kwenye nyasi za baridi, milima ya Afrika ina Viola abyssinica. Kipepeo mkubwa anakunywa ua lolote ila mama anataga kwenye mmea anaoujua au karibu yake, kwa hiyo ukikuta kipepeo na mmea wa watoto wake mahali pamoja ujue hapo ni kwao, si mpita njia.

Nikatuma picha ya mmea nikijua itachukua wiki. Shemeji akajibu baada ya dakika labda ishirini, na picha mbili, mkono wake umeshika kijani kidogo chenye majani kama moyo na ua moja la zambarau limenyauka nusu. Kautoa kwenye nyasi za pembeni ya shamba lao la viazi ambako yeye anapita kila siku. Anasema tangu mdogo anakiona na hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake.

Sasa hapa kuna jambo limenikaa moyoni. Zile nyasi za pembeni ndo wanapanga kuzilima msimu ujao, viazi vinalipa na ardhi huko imebanana, na siwezi mi nikiwa Newala na shamba langu la mikorosho lililofyekwa vizuri nikamwambia mwenzangu asilime kwake. Sikusema kitu. Nilimwambia tu asante na kwamba huo mmea ndo nyumba ya watoto wa yule mwenye vioo.

Jumatano 9 Julai

Shule imefunguliwa, klabu imejaa, kuna waliokuja kwa ajili ya picha ya fedha tu. Nimewaonyesha, nikawapa ile kazi ya kutafuta doa lenye kumeta kwenye kila moja ya zile picha sita.

Alafu tukaenda kwenye jina lenyewe maana nilitaka waelewe linavyoandikwa. Issoria smaragdifera, alafu kwenye mabano Butler, 1895. Kwa nini mabano? Maana yake Butler alipomwelezea alimweka kwenye jenasi nyingine, waliokuja baadaye wakamhamishia Issoria, mabano ndo kumbukumbu ya kuhama. Elwes naye ana mabano hayohayo kwa hanningtoni. Bila mabano ingemaanisha mtu huyo alimweka hapo tangu mwanzo. Walipenda sana hii, wakaanza kukimbilia kila lebo ukutani kuangalia nani ana mabano na nani hana, na wakakuta lebo tatu ambazo nilisahau kuyaweka, nimezirekebisha.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu, anatokea Lindi, akauliza, "Mwalimu, huyo wa kwanza kabisa ambaye Butler alimtazama yuko wapi?" Swali zuri kuliko yote ya mwaka huu. Nikamwambia Butler alikuwa anafanya kazi British Museum, London, na kawaida kielelezo ambacho jina lilitolewa juu yake kinatunzwa, kina sindano na lebo yake, na ubishi wowote ukitokea kesho watu wanarudi kukitazama hicho. Akasema, "Kama mjusi wa Tendaguru." Darasa zima likageuka. Ndio, kama mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, yale mifupa yaliyochimbwa kwao Lindi kati ya 1909 na 1913 yakabebwa kwa vichwa vya watu mpaka bandarini na sasa yamesimama Berlin. Wakajadiliana mpaka kengele, kwamba mtu wa Lindi akitaka kumuona mjusi wa Lindi apande ndege, na mwenye kutaka uhakika wa kipepeo wa mlimani kwetu naye vilevile. Sikuwazuia, wana haki ya kuliuliza hilo, na mi mwenyewe linaniuma. Ila niliwaambia kitu kimoja, kipepeo mwenyewe bado yuko hapa, hai, na tarehe na mita na mmea anavyo shemeji yangu na hakuna kabati la makumbusho lenye habari hizo za mwaka huu.

Jumapili 20 Julai

Lebo ya tatu. Nimeiandika jana, nikaiacha usiku kucha, nimeisoma tena leo asubuhi, sijabadilisha neno:

Issoria cf. smaragdifera (Butler, 1895). Familia Nymphalidae, nusufamilia Heliconiinae, kabila Argynnini. Uporoto, Rungwe, juu ya Isongole, nyasi za pembeni ya shamba la viazi, kama mita 2,300. Mei na Juni. Upande wa chini umeonekana, madoa ya fedha yapo. Viola ipo palepale. Picha tu, hakukamatwa.

Hiyo cf. watoto wameniuliza, ni kifupi cha Kilatini, maana yake linganisha. Jenasi naitolea ushahidi wa macho, spishi naitolea ushahidi wa mahali, na mahali ni ushahidi mzito ila atakayetaka kuifuta cf. lazima awaweke wa kaskazini na wa kusini mezani pamoja. Nimeona bora waone jina lenye cf. ukutani kuliko jina zuri nililolibandika kwa haraka kama yale mawili.

Jioni mdogo wangu kapiga simu, habari za bei ya viazi, habari za mama, alafu akasema shemeji yako ana jambo. Shemeji akaniambia wameanza kupima lile eneo la nyasi kwa ajili ya kulima Septemba na yeye ameweka kamba, ameacha ukanda wa hatua kumi upana kando ya mawe pale vile viua vipo vingi, mume wake kanung'unika kidogo alafu akasaidia kuchimbia vijiti. Nikamuuliza ana uhakika, hatua kumi si kidogo. Akasema, "Shemeji, we tuma tu vocha, wakianza kutaga nakupigia."

Nimemtumia. Mvua zao zikirudi Novemba atakuwa anapita pale kila asubuhi, na nimemwambia cha kutafuta ni kiwavi mwenye miiba miiba, atazame chini ya majani ya Viola, na picha atume kama dokyumenti.